Chupa ya Uzi Mwekundu

Jumamosi soko la Rumonge halina adabu. Anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, anapiga kelele, anayeuza mawese anapiga kelele zaidi, na wachukuzi wanasema "njia, njia" wakati wameshakukanyaga. Katikati ya vurugu hiyo, chini ya turubai la buluu, mwanamke mmoja alikuwa anafungua chupa ndogo iliyofungwa uzi mwekundu shingoni. Hakuwa ameifungua kwa miaka miwili.

Jina lake Zipora, umri miaka thelathini na moja, amevaa kitenge cha kijani na blauzi nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa laini. Alizaliwa Tanzania, kambini, akarudi Burundi na wazazi wake waliokwenda kukaa Nyanza-Lac. Kutoka huko alikuja na vitu viwili: Kiswahili kilichonyooka, ambacho watu wa Rumonge walimtania nacho kila siku, na pua. Pua ndiyo iliyomlisha. Aliuza mafuta ya manukato, akiyavuta kwa bomba la sindano kutoka chupa kubwa na kuyaingiza katika vichupa vidogo. Ila hakukuuzia manukato uliyoyataka. Alikuuzia yanayokufaa. Alishika mkono wako, akanusa ndani ya kiwiko, halafu akakuuliza jambo ambalo hukulitegemea. Ukikasirika unanyamaza au unasema? Ukichelewa unaomba radhi au unatunga hadithi? Wenye maneno mengi waliondoka na limau na tangawizi. Wenye huzuni aliwapa maua. Yeye mwenyewe hakujipaka chochote. Alinuka sabuni ya kufulia, basi.

Katika ile chupa ya uzi mwekundu mlikuwa na vanila, ambari, msandali, na mdalasini kidogo sana. Manukato ya joto, matamu, ya mtu asiye na haraka. Mtu ambaye akiwa chumbani humwoni, akitoka ndipo unajua kwamba alikuwepo. Zipora aliyachanganya miaka sita iliyopita akijifikiria yeye mwenyewe. Kwa nini hakuwahi kuyavaa nitakuambia, usinisukume.

Alifungua kizibo, akakisogeza puani, na wakati huohuo mwanamume mmoja akawa anapita na katoni ya sabuni begani. Mrefu, shati la mikono mirefu limepigwa pasi hata siku ya kazi, viatu vina vumbi la Gatete. Akasimama ghafla. Mchukuzi aliyekuwa nyuma akamgonga, katoni ikaanguka, miche ya sabuni ikatawanyika chini ya meza za watu. Hakuinama kuokota.

"Nani amepita hapa?" aliuliza.

Zipora alikuwa ameshafunga chupa. Akajibu kwamba wamepita wengi, leo ni Jumamosi.

"Hapana, sasa hivi." Mtu yule alikuwa bado anavuta hewa, macho yamemtoka. "Bibi yangu alikuwa ananuka vile. Iko miaka mbili amekufa."

Hapo Zipora akamtambua, ingawa hawakuwahi hata kusalimiana. Huyu alikuwa Lameki, mtengeneza sabuni ya mawese, mume wa marehemu Evangelina. Mkono wa Zipora ukasukuma chupa chini ya meza, nyuma ya vichupa vitupu. Akamwambia ni mchanganyiko wa zamani tu, umefunguka kwa bahati mbaya.

"Wa nani?"

"Hauna mwenyewe."

Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kusema hivyo kuhusu chupa ile. Mara ya kwanza alimwambia Evangelina. Evangelina alikuja kibandani miaka sita nyuma, gauni la njano, kicheko kinachosikika mpaka kwa wauza samaki. Zipora alimnusa mkono akampa tangawizi na limau, na alikuwa sahihi kabisa, maana mwanamke yule alikuwa moto mtupu. Evangelina akakataa. Akainama bila kuomba ruhusa, akatoa ile chupa chini ya meza, akainusa, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu afike. Akauliza ni ya nani. Sasa mwenye haya zake anasemaje mbele ya mteja wa aina ile? Angesema "ni yangu, ni mimi mwenyewe humo ndani"? Zipora akasema haina mwenyewe. Evangelina akaivaa miaka minne, akijaziwa kichupa chake kutoka chupa ile. Mji wenyewe mdogo, wanawake wawili hawawezi kunuka harufu moja, kwa hiyo mwenye chupa akabaki bila harufu. Kisha malaria ikapanda kichwani kwa Evangelina, na siku ya tatu akazikwa.

Jambo moja lilimsumbua Zipora tangu mazishi. Chupa ile ilifungwa, hakuna aliyeigusa, lakini kila alipoitazama ilikuwa imepungua. Mafuta hayakauki hewani kama maji. Yeye ndiye muuzaji, alilijua hilo vizuri. Mimi nasimulia tu.

Lameki alirudi Jumanne. Alisema anataka kutia harufu katika sabuni yake, apewe ushauri. Ulikuwa uongo wa nusu, na wote wawili walilijua hilo. Zipora akamshika mkono kama anavyowashika wengine. Mikono ilikuwa imepasuka kwa magadi, ndani ya kiwiko kulinuka mawese na moshi. Akamuuliza: ukipotewa na kitu, unakitafuta au unakaa ungojee kirudi?

"Nangojea," Lameki alisema.

"Mpaka lini?"

Lameki akarudisha mkono wake, akaondoka. Alirudi Ijumaa, akarudi na Jumanne nyingine. Sabuni ikapata mchaichai, wateja wakaipenda, na ushauri ukaendelea kuhitajika hata baada ya sabuni kupona. Akawa anapiga simu. Alimwita Mutanzania kwa sababu ya Kiswahili chake, naye Zipora akawa anamsahihisha kwa makusudi ili aendelee kukosea.

"Weye Mutanzania, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Miye niko nakoroga sabuni. Nikikuwaza inashikana mbio."

"Sabuni inashikana kwa magadi, Lameki, haishikani kwa maneno."

"Basi ntakuletea mche moja, unuse. Utasikia kama hakuna jina lako ndani."

Siku moja ya mapumziko walikwenda ufukweni kula samaki aina ya mukeke, wa kuchoma. Milima ya Kongo ilikuwa wazi ng'ambo, ziwa limetulia. Zipora alivaa gauni la zambarau aliloshonesha kwa siku hiyo, ingawa alisema ni la zamani. Lameki alimchambulia samaki, akamwekea minofu upande wake wa sahani, na Zipora akaona kwamba kumbe anaweza kupendwa bila kuuza chochote. Alijisikia vizuri mpaka akaogopa. Hapo ndipo Lameki alipomwambia kuhusu mchana.

Nyumbani kwake Gatete, alisema, kila siku saa sita, upepo wa ziwa unapogeuka, harufu ya Evangelina hutoka chumbani, hupita sebuleni, hutoka mlango wa nyuma. Nguo za marehemu zilishaondolewa zote. Godoro alilibadilisha. Kuta alizipaka chokaa. Harufu hupita tu, wala haimdhuru, naye huacha kazi akasimama mpaka iishe. Kwa sababu hiyo alikuwa hajafanya kuganduka, ile siku ya kumaliza matanga ambapo ukoo wa marehemu husimama mbele ya watu na kusema basi, aliyebaki yuko huru. Wakwe walipanga tarehe mara mbili, na mara mbili yeye aliomba wangoje.

"Nikiganduka, ataacha kupita," alisema. "Na mimi nakupenda, Zipora. Ndiyo shida yangu yote, sina ingine."

Zipora alitazama mifupa ya samaki. Angesema wakati ule: harufu hiyo ni yangu, nimeitengeneza mimi. Lakini angemnyang'anyaje mtu kitu pekee alichobakiwa nacho? Na akimnyang'anya, atabaki na nini cha kumpendea? Akameza. Siku hiyo walirudi mjini wameshikana mikono, na kila mmoja alikuwa amemshika mwingine na mtu wa tatu.

Sasa sikiliza jambo la imvutano, maana ndilo lililoharibu kila kitu.

Imvutano ni vazi la sherehe la akina mama wa Burundi, kitambaa chepesi kinachofungwa begani na kushuka mpaka kwenye vifundo. Wanawake wa korali wanapoalikwa harusini hukubaliana rangi moja. Asiye nayo huazima, aliyeazimwa naye huazima kwingine, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua kwa hakika imvutano iliyoko kabatini kwake ilianzia kwa nani. Hakuna ubaya. Ndivyo korali inavyopendeza.

Harusi ilikuwa ya mpwa wa mchungaji, rangi iliyokubaliwa ni ya dhahabu iliyopauka, na Zipora hakuwa nayo. Naomie, rafiki yake wa korali aliyetoka Kivu Kusini na kuuza vitenge meza tatu kutoka kwake, akamletea moja ndani ya mfuko wa plastiki. Wiki hiyo Zipora alikuwa na mafua makali. Pua iliyozoea kutambua mdalasini kwenye umati haikusikia hata vitunguu. Akajifunga, akajitazama kiooni, akajipenda. Ukumbi ulikuwa umejaa na joto lilikuwa kali, na nguo iliyolala miaka miwili ndani ya plastiki ikaanza kuamka kwa joto la mwili wake.

Lameki alifika saa tisa. Alimwona Zipora amesimama dirishani, akatabasamu, akamfuata. Hatua tatu kabla hajamfikia tabasamu likaisha. Akashusha macho mpaka kwenye pindo la ile nguo. Pale palikuwa na alama ndogo ya kuungua, mviringo, kiasi cha sarafu. Alama hiyo aliiweka yeye kwa pasi ya mkaa, asubuhi moja alipotaka kumsaidia mkewe, na Evangelina akamcheka wiki nzima.

"Umetoa wapi hii nguo?"

"Nimeazima kwa Naomie. Vipi, hainipendezi?"

"Na hii harufu?"

"Harufu gani? Nina mafua, Lameki, sisikii kitu."

Lameki akamtazama kwa muda. "Muuza manukato anasema hasikii harufu," alisema polepole, akageuka, akatoka ukumbini kwa kupitia katikati ya watu waliokuwa wanacheza.

Jioni alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini na ilimuumiza Zipora kuliko kama angepiga kelele.

"Nilikuambia siri ya nyumba yangu. Ukaenda ukamvaa."

"Sikujua ni yake."

"Nguo yake, harufu yake. Ulitaka nikuone weye ama nimuone yeye?"

Zipora alikuwa amekaa kitandani, ile imvutano imekunjwa magotini. Mafua yalikuwa yameanza kulegea, na sasa alikuwa anaisikia: vanila, ambari, msandali. Harufu yake mwenyewe imetoka kwenye nguo ya mtu mwingine. Hasira ikampanda, hasira ya miaka sita.

"Na wewe, siku ile ya kwanza, ulisimama kibandani kwangu kumtafuta nani?" aliuliza. "Uliona uso wangu? Ulinitazama hata kidogo kabla hujanusa?"

Zipora akakata simu. Hakupiga tena na hakupigiwa.

Wiki mbili zilipita. Zipora aliuza manukato vibaya, aliwapa wenye huzuni tangawizi na wenye haraka maua, watu wakarudisha. Lameki alikoroga sabuni ikakataa kushikana. Saa sita harufu ilipita kama kawaida, lakini sasa alipoisikia alimwaza mwanamke wa kitenge cha kijani. Akaona aibu mbele ya marehemu, kama mtu aliyefumaniwa. Aliwakosa wote wawili kwa wakati mmoja.

Naomie ndiye aliyevunja ukimya. Alikuja kibandani mchana wakati wateja wamepungua, akakaa bila kuombwa, akaanza kulia kabla ya kusema.

"Zipora, miye niko na makosa. Ile imvutano haiko yangu. Evangelina aliniazima, tukaenda harusi, nilisema ntarudisha kesho yake. Kesho yake akalala mugonjwa. Baadaye nilimurudishia nani? Niende kwa mutu iko na matanga nimwambie kamata nguo ya bibi yako? Nikasema ntangoja waganduke. Hawagandukake. Nikaiweka, nikasahau iko yake. Wakati ulisema huna ya dhahabu, miye nikaona tu rangi."

Zipora alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hakumlaumu, maana ni nani katika korali nzima asingefanya hivyo? Akauliza kitu kimoja tu, mama yake Evangelina anakaa wapi. Kumrudishia Lameki nguo ile ilikuwa kumrudisha palepale. Mwenye haki nayo alikuwa mzazi.

Mzazi huyo, Mama Benedicte, alikaa juu kidogo ya barabara, nyumba ya bati iliyozungukwa na michikichi. Alikuwa mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, anapukuchua ngazi, matunda ya mchikichi, kwenye ungo. Zipora akamwamkia, "Amahoro, Mama," akapiga magoti akamwekea mfuko, akaeleza habari yote ya korali na Naomie. Mzee akafungua mfuko, akaitambua nguo, akaikumbatia. Akauficha uso wake ndani. Alipoinua kichwa alikuwa amekunja uso.

"Hii harufu siijui," alisema.

Zipora akadhani amesikia vibaya. Mzee akarudia: watu wote walimwambia mwanawe alinukia utamu, na mazishini wanawake waliulizana kuhusu manukato yake. Yeye mama aliyemzaa hakuwahi kuyasikia. Evangelina alipokuja kumtembelea alikuja ananuka jasho na jua na tangawizi aliyozoea kutafuna.

"Mwana wangu hakuwa mutamu hivi. Alikuwa mukali. Nani alimupa hii?"

Na Zipora, ambaye alimeza mbele ya Evangelina na akameza mbele ya Lameki, hakuweza kumeza mbele ya mwanamke huyu. Akasema yote. Chupa chini ya meza, uzi mwekundu, neno "haina mwenyewe". Alisema akilia. Aliomba radhi kwa kuwa anamdai marehemu kitu.

Mama Benedicte akarudisha vidole kwenye ungo, akapukuchua ngazi kadhaa. Kisha akamuuliza kama Evangelina aliwahi kusema kwa nini aliitaka ile na si nyingine.

Zipora alikumbuka. Evangelina alisema, akicheka kidogo, kwamba kelele zake zinawatosha watu wa nje, na mume wake anastahili kukuta mtu mtulivu nyumbani.

Mzee akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Kumbe alikuazima," alisema. "Kama nguo."

Akainuka, akatia maji kwenye beseni, akachukua mche wa sabuni. Ulikuwa wa Lameki, wenye mchaichai. Akaifua ile imvutano mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaisuuza mara tatu mpaka ikanuka maji tu. Akaianika uani. Alipomaliza alimwambia Zipora mambo mawili. Kwanza, kuganduka kutafanyika Jumapili baada ya ijayo, na safari hii hataomba ruhusa ya mkwe. Pili, aje, na asije mikono mitupu: alete chupa.

Jumapili hiyo watu walikaa kwenye viti vya plastiki katika ua wa Gatete, fanta na bia ya ndizi vikapita, mchungaji akaomba. Lameki alivaa suti ya kijivu iliyomzidi, maana alikuwa amekonda. Alipomwona Zipora nyuma kabisa, karibu na Naomie, alisahau soda aliyoishika, ikamwagika. Hakuweza kumwendea. Mfiwa aliye katika matanga hukaa palipopangwa.

Mama Benedicte akasimama. Alishukuru ukoo, alishukuru majirani, akasema mwanawe amelala miaka miwili na sasa waliobaki waamke. Akamgeukia Lameki mbele ya watu wote.

"Mukwe wangu, ulimutunza vizuri. Hatukudai kitu. Kuanzia leo uko huru, na mutu akikuuliza, sema mimi nimesema." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini lakini ua mzima ulisikia: "Na kuna mwanamuke hapa iko na jambo ya kukuambia. Umusikilize mpaka mwisho."

Walikaa nyuma ya nyumba, kwenye benchi karibu na mapipa ya sabuni. Jua lilikuwa la saa tano na nusu. Zipora akaweka chupa ya uzi mwekundu katikati yao, akasimulia bila kumtazama. Alipomaliza, Lameki alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi miaka ile yote," alisema, "nilimupenda nani?"

"Evangelina. Ulimpenda Evangelina. Chupa ilikuwa yangu, mwili ulikuwa wake."

"Na inayopita hapa kila siku, iko nani?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja kabla ya saa sita." Zipora akafungua kizibo. "Manukato hayafanani kwa watu wawili, Lameki. Hiyo ndiyo kazi yangu, najua ninachosema. Ngozi huyageuza. Mimi sijawahi kuyavaa mbele ya mtu. Nitayavaa leo, na kama utamsikia yeye tu, nitaondoka na chupa yangu na sitakulaumu."

Akajipaka ndani ya kiwiko. Wakangoja, maana mafuta yanataka muda kupata joto. Upande wa pili wa nyumba watu walikuwa wanacheka, matanga yalikuwa yameisha kweli. Zipora aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Kisha akanyoosha mkono, na Lameki akauinamia.

Kwanza alimsikia mkewe, na uso wake ukakunjamana. Akataka kujiondoa. Lakini alikuwa ameambiwa asikilize mpaka mwisho, akabaki. Na polepole chini ya vanila ikaja harufu nyingine, tulivu, ya maziwa yanayoanza kuchemka asubuhi kabla nyumba haijaamka. Hakuijua harufu hiyo. Hakuwa nayo katika kumbukumbu yoyote.

Wakati huo upepo wa ziwa ukageuka.

Ilitoka chumbani kama siku zote, ikapita sebuleni, ikaja mlango wa nyuma. Safari hii waliisikia wote wawili. Zipora akashika ukingo wa benchi. Lameki akainua kichwa kutoka kwenye mkono wake, akanusa hewa, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akaona tofauti iliyokuwa wazi muda wote. Ya hewani ilikuwa na ukali mwishoni. Tangawizi. Ilikuwa imesimama mlangoni na hasira zake na vicheko vyake, Evangelina mwenyewe, na utamu aliouazima ukiwa juu yake kama nguo ya sherehe. Ikapita kati yao, ikaenda zake.

"Ile iko yake," Lameki alisema. Akaurudia mkono wa Zipora. "Na hii iko yako. Si moja."

"Si moja," Zipora alisema, na machozi yakamshuka.

"Siku ile sokoni sikukuona. Ulisema kweli. Nisamehe, mukunzi, mupenzi wangu." Akaifunga chupa vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. "Nitatuma watu kwa baba yako Nyanza-Lac. Utaniruhusu?"

Zipora alisema atamruhusu, ila wajumbe wasiende wananuka mawese, baba yake ana pua kuliko yeye. Lameki akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichowajulisha watu wa upande wa pili kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Wameoana, huu ni mwaka wa pili. Zipora bado anauza sokoni, na sasa ananukia, hata wateja wa zamani wanamshangaa na kumuuliza ameanza lini. Wengine wanasema hivi ndivyo alivyokuwa siku zote, hawakumbuki vinginevyo. Lameki alidhani kuganduka kutaifunga ile njia ya saa sita. Haikufungwa. Siku nyingine hupita, siku nyingine haipiti, naye hasimami tena kuingojea. Husema "amahoro, Evangelina," kama unavyomsalimu jirani anayekatiza uani kwako, akaendelea kukoroga.

Juzi Zipora alitoka chumbani na chupa ya uzi mwekundu mkononi, ameinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Lameki, imepungua tena. Na mimi sijajipaka tangu Jumapili."

Lameki aliacha mwiko ndani ya pipa. Alimtazama mkewe, akatazama mlango wa nyuma uliokuwa wazi, upande wa ziwa.

"Basi changanya ya watu wawili, weye na yeye," alisema.

Zipora akafikiri kidogo. Kisha akavuta kiti, akachukua bomba la sindano, akaanza kupima vanila.